Kabla Hamjamnywesha Shangazi Dawa

Baba shikamoo. Mama shikamoo. Nawaamkia kutoka mahali ambapo pumzi ya mtu inaonekana mchana kweupe, ikimtoka mdomoni kama moshi wa jikoni. Kifua cha Mama kimetulia? Na goti lako Baba, linakuruhusu kufuata ng'ombe shambani, au siku hizi mdogo wangu Fidelis ndiye anayeshika plau? Mimi ni mzima. Vidole vya mkono wa kushoto vina ganzi kidogo kwa ajili ya baridi, lakini vinafanya kazi, msiwe na shaka navyo.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, nikapiga picha kila ukurasa na kumtumia mdogo wangu Yustina pale mjini, ili aichape kwenye stesheneri ya Majengo kisha apande gari aje nayo huko kijijini Kate. Kwa simu nimeshindwa. Mara ya mwisho Baba ulinikatia, na sikulaumu, maana nilikuwa nimepaza sauti, jambo ambalo mtoto hamfanyii baba yake. Nisamehe kwa sauti ile. Kwa maneno yenyewe bado siombi msamaha. Yustina, soma polepole mbele ya ukoo wote, na usiruke mahali, hata pale nitakapojisema vibaya.

Nilichosikia ni hiki. Fidelis alipata kazi ya kuangusha mikaratusi, akakodi chenisoo, ule msumeno wa injini, kwa mtu wa mjini. Siku ya kwanza ilikata vizuri. Siku ya pili Shangazi Skola alipita na kamba yake ya kuni akaomba matawi. Fidelis akamwambia asubiri, naye akacheka kama anavyocheka siku zote, akasema, "Kata tu, baba. Utachoka wewe kabla ya mti." Hakufika hata kwenye kona ya kanisa, mashine ikanoki, injini ikakwama kabisa. Mkauza dume la kulimia, mkanunua chenisoo mpya. Shangazi akaja kumpa Fidelis pole na kuitazama. Kesho yake na hiyo ikanoki.

Sasa kuna mtu ameitwa kutoka bondeni aje amnyweshe dawa Jumapili baada ya misa. Akitapika ni mwema, asipotapika ni mchawi, na hapo atarudishwa Mwimbi kwa wakwe zake, ambao walimfukuza baada ya mumewe kufariki, kwa maneno haya haya. Baada ya misa, Baba! Mtoke kupokea komunyo mwende kumnywesha dada yako vitu msivyovijua. Mama mkubwa yule wa jirani alinyweshwa nikiwa shule ya msingi, na nyote mnakumbuka tulivyomzika.

Sasa niwaeleze yaliyonipata huku, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kile kiwanda cha samaki nilichowaambia hupunguza watu majira ya baridi. Nikachukuliwa na mzee mmoja, Ross, mwenye nyavu zake. Ziwa lake linaganda juu, nasi tunatembea juu yake, na gari linapita. Najua Mama hataki kusikia hili. Barafu ni nene, Mama, na mzee huipima kila asubuhi kabla hatujakanyaga mbali. Samaki wako chini yake, kwa hiyo lazima kutoboa matundu, moja hapa na jingine kule, kisha wavu unapitishwa chini kutoka tundu hadi tundu. Cha kutobolea ni kitu kama keekee ya fundi seremala, ila kimo chake kinakaribia cha mtu, na juu kimefungwa injini ndogo ya kuvuta kwa kamba. Injini hiyo ni ndugu kabisa wa chenisoo. Ukiisikia ikiunguruma ukiwa umefumba macho, utadhani uko kwenye mikaratusi.

Injini za namna hii hazina mahali pa kukaa oili ndani yake kama pikipiki au gari. Oili yake huja ndani ya petroli, mmechanganya nyinyi wenyewe kabla ya kuitia, na ndiyo inayolainisha pistoni inapopanda na kushuka. Mzee Ross ni mkali kwa jambo hilo kuliko padri kwa ndoa. Petroli anataka mpya, si iliyobaki tangu majira ya joto, wala ile yenye spiriti ndani, kwa sababu spiriti inavuta maji, na maji kwenye baridi hii yanaganda njiani kabla ya kufika kwenye injini. Oili anataka ile ya tu-straiki peke yake, iliyotengenezwa kuchanganywa na petroli. Ya gari haitaki hata ikiwa bure, anasema inaacha masizi na kuua plagi. Unatia petroli nusu ya dumu, unatia oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mashine, unatikisa, ndipo unajaza iliyobaki na kutikisa tena. Nilimwambia kwamba mama yangu anakoroga uji wa ulezi hivyo hivyo, akitia unga wote kwa mara moja unapata madonge. Alicheka, akauliza ulezi ni nini, nikashindwa kumweleza.

Tuna madumu mawili mekundu. Moja ni la mchanganyiko. Jingine ni petroli tupu, ya pikipiki ya theluji, ambayo oili yake ina mahali pake. Siku moja upepo ulikuwa mbaya, theluji inapiga uso, nami nina haraka. Asubuhi hiyo Baba ulikuwa umenipigia kunieleza habari ya Shangazi na mtu wa bondeni. Nilichukua dumu nikajaza tangi, nikatoboa tundu la kwanza, la pili, na katikati ya lililofuata mashine ikalia kwa uchungu, ikasimama. Nikavuta kamba mara mbili. Haikuvutika.

Baba, sasa nasema lile nililomwambia Yustina asiliruke. Wazo langu la kwanza halikuwa petroli. Lilikuwa Shangazi. Nilisimama juu ya barafu, bahari na nchi ngapi kutoka Kate, nikasema moyoni, amenifikia hata huku. Mwanamke aliyenibeba mgongoni Mama alipolazwa, aliyenitafunia nyama nilipokuwa sina meno, nikamhukumu kwa kuvuta kamba mara mbili. Kwa hiyo sitawacheka hata mmoja wenu. Najua jinsi wazo hilo linavyoingia, linaingia haraka na linajifanya lina akili.

Mzee alikuja. Hakugombana. Wala msidhani ni mtu asiye na mambo yake. Ukipiga mluzi juu ya ziwa anakufukuza urudi nchi kavu. Ila alitazama mashine, akanitazama, akauliza, "Umetia kutoka dumu lipi?" Nikamwonyesha. Akafungua tangi, akamwaga kidogo juu ya theluji. Oili yetu ina rangi ya buluu, ukimwaga mchanganyiko theluji inageuka buluu kidogo. Hii haikugeuza kitu. Ilitoboa theluji ikabaki nyeupe. Baadaye alifungua injini akanionyesha pistoni: ubavu wote umekwaruzika, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Siku nzima tukaipoteza, na nyavu zilizokuwa chini tukaziokoa kwa kupasua barafu kwa mtaimbo. Hapo ndipo vidole vyangu vilipopata ganzi.

Jioni ile sikumpigia Baba. Nilimpigia Fidelis.

Nikamwuliza, "Mdogo wangu, oili uliweka?"

Akasema, "Bro, niliweka, tena mpaka shingoni. Baba mwenyewe aliiona. We unadhani mimi mtoto?"

"Uliweka wapi?"

"Kwenye tangi la oili. Si yako mawili? La petroli nikatia petroli, la oili nikatia oili. Kama boda tu."

Nikamwomba anipigie picha ya kifuniko cha tangi hilo la oili. Picha ikaja. Alikuwa amesugua vumbi, nikaona alama ya mnyororo.

Wazee wangu, tangi lile ni la oili ya mnyororo. Linadondoshea ule mnyororo wa meno unaozunguka nje, usiungue kwa kusugua mti. Oili yake haiingii kwenye injini hata tone. Fidelis ameendesha bodaboda miaka mingi, na pikipiki yake oili ina mlango wake na petroli mlango wake. Mtu yeyote wa Kate aliyezoea pikipiki angefanya vile vile. Asichekwe, wala asitukanwe. Ile ya kukodi ilikata siku ya kwanza kwa sababu mwenye mashine aliitoa ikiwa na mchanganyiko wake ndani. Ulipoisha, Fidelis akatia petroli tupu. Na ile mpya, muuzaji aliiwasha dukani kwa mchanganyiko wake, mkafurahi, mkaja nayo. Kwa hiyo Baba uliposema kwenye simu, "Oili ilikuwamo, niliiona kwa macho yangu," ulisema kweli. Ilikuwamo, ila ilikuwa mahali pengine.

Siwaombi mniamini kwa kuwa niko ng'ambo. Naomba mjaribu. Ile chenisoo mpya bado ina petroli kwenye tangi, nimemwambia Fidelis asiiguse. Chukueni karatasi nyeupe. Dondosheni tone la petroli hiyo. Pembeni yake dondosheni tone la mchanganyiko ambao Yustina amekuja nao kwenye chupa kutoka mjini. Mbali na moto, tafadhali, na Babu Kasiano azime kiko chake kwanza, nakujua Babu. Acheni zikauke. Petroli tupu itaruka yote, karatasi itabaki kama ilivyokuwa. Mchanganyiko utaacha doa la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Kila mtu aishike mkononi mwake aitazame kwenye mwanga, hata huyo mgeni kutoka bondeni.

Na kama petroli ya Fidelis itaacha doa? Basi nitakuwa nimekosea mimi, mniite mwongo mbele ya watoto. Lakini hata hapo nasema asinyweshwe. Barua hii haibishani kama uchawi upo au haupo, hilo ni kubwa kuliko mimi. Nasema tu kwamba huyu namjua. Wenye Kiswahili chao husema mchawi mpe mwana kulea. Nyinyi mwana mlimpa, mwana mwenyewe ni mimi, na mmeona alivyolea. Macho yake mekundu mnayoyasema yamekuwa mekundu kwa moshi wa pombe ya ulezi aliyopika ili mimi nivae sare ya shule. Baba, yeye ndiye dada yako pekee aliyebaki hai. Ukimtoa hapo, hana mlango mwingine duniani wa kubisha.

Mkishindwa kukaa naye kwenye boma, nyumba yangu ile iliyoezekwa mwaka jana ina vyumba na haina mtu. Ufunguo anao Mama. Apewe leo, kabla jua halijatua, na Fidelis amchukulie kitanda chake. Sitaki kusikia kwamba amelala njiani kwenda Mwimbi.

Injini za chenisoo msizitupe. Pistoni na silinda hubadilishwa, mafundi wapo mjini, na pesa ya kuanzia nitatuma.

Mnisalimie Mjomba Gaspari, mwambie yale maharage aliyonifungia yaliisha nikiwa bado nayatamani. Mnisalimie mke wa Fidelis na mtoto wao mpya ambaye sijamwona. Katekista nampa mkono wa heri, na namwomba abaki kwenye kikao mpaka mwisho, asiondoke baada ya sala kama kawaida yake. Mama, nakukumbuka kila nikila, na hilo hulijui kwa kuwa sijawahi kukuambia.

Imebaki salamu moja. Nimesikia kwamba watoto wamekatazwa kumwamkia Shangazi, na kwamba wakubwa nao wakipishana naye kisimani wanatazama ndoo zao. Yustina, ukifika hapa, simama. Mtafute alipo. Kama wamemweka nje, toka umfuate, na wote wangoje. Umwambie kwa sauti ya kusikika: Shangazi Skola, shikamoo. Ni mimi Gaudensi.

Kisha nyamaza, usiseme neno mpaka aitikie. Na wewe Baba, ukishamsikia akiitikia, ndipo uamue.

Ni mimi mtoto wenu,
Gaudensi