Nusu ya Juu

Masasi, 4 Julai 1994

Dada Severina,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa bega la kulia nililoumia kiwandani. Vipi kiuno chako? Mwanao Mabel ameandika tangu aolewe Lindi?

Kiwanda bado kimefungwa. Wanatuambia soko sasa ni huru. Huru kwa nani, sijaonyeshwa. Korosho zinapita hapa kwenda kubanguliwa ng'ambo, na sisi wabanguaji tumekaa vibarazani. Nimekataa kuzoea kukaa. Nimechukua bomba la chuma, kila mwisho nimelitia kwenye ndoo kuukuu na kumwagia zege. Nalala chali kwenye benchi uani, nasukuma. Likishuka hadi kifuani bega hugoma, kwa hiyo nimepanga matofali pande zote mbili, linatua hapo, halishuki zaidi. Nafanya nusu ya juu tu. Kila wiki nitapunguza tofali moja kila upande. Siku litakapogusa kifua na kupanda, nitakuja Kitangari. Sipandi huko na mkono nusu.

Asubuhi ukungu ukifunika majabali, chuma huonekana kinaelea chenyewe, nami chini yake naota nimesimama ukingoni Newala, mawingu yako chini ya miguu yangu.

Mdogo wako,
Ambrosi

Kitangari, 20 Julai 1994

Mdogo wangu Ambrosi,

Marahaba. Kiuno kipo, kinanikumbusha kila asubuhi. Nimekucheka mpaka kuku wakakimbia. Mtu anyanyue zege halafu alirudishe pale pale? Mimi ninachonyanyua angalau kinanyweka.

Bomba la kijiji halitoi tangu Mei. Tunashuka chemchemini bondeni. Wenzangu wana miguu ya haraka, nikifika wamekwisha panda, na Mabel hayupo. Sina wa kunitwisha. Ndoo naifikisha gotini, naifikisha kifuani, hapo mikono inaisha. Jana nilimwaga nusu ndipo ikafika kichwani. Nusu ndoo, na kilima ni kile kile. Mabel anataka nihamie kwake. Nikifunga nyumba ya mama, nani atapalilia mikorosho? Sikuiti. Nakueleza tu.

Dada yako,
Severina

Masasi, 9 Agosti 1994

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kilima. Habari ya maji imenichoma. Nimemwandikia diwani wenu kurasa sita. Nimemuuliza kama chemchemi nayo inasubiri mwekezaji. Usihame. Nimebakiza matofali matatu kila upande.

Mdogo wako,
Ambrosi

Masasi, 12 Septemba 1994

Dada,

Shikamoo. Mwezi mzima huniandikii. Unaumwa?

Kwenye matofali matatu bega liligoma wiki baada ya wiki. Kwa haraka ya kuja, Jumatatu iliyopita niliyaondoa yote matatu kwa pamoja. Chuma kilishuka kikanilalia kifuani. Hakikuniumiza, kilikataa tu kuondoka. Nikalala chini ya mbingu nyeupe, pumzi ndogo ndogo, nikakuona unapanda kutoka bondeni, ndoo imejaa pomoni, maji hayatikisiki, na kutoka ndani ya ndoo yako nikasikia sauti ya mama akiimba. Nilitaka kukuita nikakosa pumzi. Mwanaisha, jirani yangu, ndiye aliyekiviringisha kikanitoka. Akasema, "Ambrosi, hicho chuma umekikosea nini?"

Nimerudisha matofali. Naanza upya.

Mdogo wako,
Ambrosi

Kitangari, 19 Septemba 1994

Ambrosi,

Marahaba. Siumwi, nilikuwa nafunga mizigo. Mabel anakuja kunichukua Ijumaa ya tarehe thelathini. Diwani alisoma kurasa zako, akasema una mwandiko mzuri.

Wewe unayesoma kila gazeti, umesahau kutwisha ni nini? Ndoo mpaka kifuani naifikisha mwenyewe. Anayetwisha anaanzia hapo mpaka kichwani. Ndiyo nusu uliyokuwa nayo tangu Julai.

Dada yako,
Severina

Masasi, 28 Septemba 1994

Dada,

Shikamoo. Sina la kubishana, na unajua kwangu hilo ni ugonjwa. Barua hii anapanda nayo leo dereva wa lori la chumvi. Mimi nafuata kesho, nitakuwa chemchemini kabla hujashuka. Mabel akija Ijumaa, tumkaribishe kama mgeni.

Chuma kimebaki juu ya matofali, Mwanaisha anaanikia kanga.

Ndoo ijaze mpaka ukingoni.

Mdogo wako,
Ambrosi