Laptopu Mbili, Mlio Mmoja

Mpendwa Dada Tursunoy,

Salamu zako ni nyingi lakini nisaidie kwanza, maana ninapoandika haya begi langu limefungwa liko nyuma ya mlango na sijui kama nilibebe au nilifungue. Nina miaka ishirini na minne, niliolewa hapa Margilan miezi mitano iliyopita nikitokea kwetu Kokand, nina mimba ya miezi miwili, na jana mchana nimegundua jambo kuhusu mume wangu ambalo nyumba nzima walilijua isipokuwa mimi, na tangu hapo nikikaa nashtuka, nikisimama nashtuka, chai nimeshaimwaga mara mbili.

Nianze na laptopu, bila hiyo hutanielewa. Baba yangu aliniwekea laptopu katika vitu vyangu vya harusi, pamoja na magodoro na mablanketi, kwa sababu mimi huchora mitindo ya vitambaa vya hariri kwa ajili ya karakana ya mjomba wangu na hiyo ndiyo kazi yangu, basi nilipofika ukweni nikaiweka kwenye meza ndogo sebuleni, na mume wangu Muhiddin akirudi kutoka kwenye mashine za kufumia anazosimamia tukawa tunakaa wawili kwenye kochi, mimi nimeegemea bega lake, tunaangalia mieleka. Yeye ni mieleka tu, filamu hataki, anasema watu wanaongea mno. Wiki ya pili nikaanza kusikia mlio, mwembamba, mkali, nyiiii, kama mbu aliyeingia ndani ya kichwa, unakuja ghafla na kukatika ghafla. Nikamuuliza, "Aka, unasikia huo mlio?" maana sisi mume tunamwita Aka kwa heshima, jina hatulitaji mbele yake. Alinitazama mdomoni, akajikuna sikio, mlio ukakatika, akasema, "Ni hiyo laptopu yako. Feni mbovu."

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Vitu vya siku hizi, binti yangu. Baba yako angeuliza watu kwanza kabla ya kununua."

Dada, neno hilo lilinichoma, kwa hiyo nikaishughulikia ile laptopu kama mgonjwa. Nikazima spika, mlio uko palepale. Nikachomoa chaja nikatumia betri, upo. Nikahamia soketi nyingine, nikapunguza mwanga wa kioo, nikaiinua juu ya vitabu viwili ipate hewa, upo, na cha ajabu nikifanya kazi peke yangu tangu asubuhi mpaka adhuhuri ni kimya kabisa, inalia tu tukikaa wawili. Mama mkwe akasema ni husuda, kuna mtu ametuonea kijicho, akaleta kikaango chenye majani ya isiriki, dawa ya kufukuzia kijicho, yanayofuka moshi akaizungushia laptopu mara tatu, uso mkavu, huku wifi yangu Mavluda akitoka mbio ameziba mdomo kwa kitambaa, nami nikadhani moshi umemkaba.

Habari zikamfikia Baba. Akaja mwenyewe kutoka Kokand, akakaa kwenye ncha ya kochi kama mzazi aliyeitwa shuleni, akawaomba wakwe zangu radhi kwa kuniletea kitu kibovu, akaondoka nayo, na wiki iliyofuata akarudi na nyingine mpya kabisa, bado imevaa nailoni yake. Muhiddin alikuwepo siku zote mbili. Alitazama zulia. Na siku hiyohiyo, chai haijapoa, laptopu mpya ikalia nyiiii.

Katikati ya mahangaiko hayo nikajua nina mimba. Nilingoja tukae wawili, na kwetu wewe unajua bibi arusi hapazi sauti, mama yangu alinifundisha hivyo na hapa ukweni wananisifia kwa wageni kwamba sauti yangu haijawahi kuvuka kizingiti, basi nikamwegemea, mlio ukalia, akajikuna sikio, ukakatika, nami nikamnong'oneza shingoni, "Aka, tutapata mtoto." Akasema, "Haya, sawa," macho kwenye mieleka. Nikarudia tena. "Sawa, sawa," akanipapasa mkono kama mtu anayembembeleza paka. Nililia msalani nikatoka nimenawa uso. Mpaka leo, wiki ya nne sasa, hajalitaja, hajaniuliza nimekula nini, ananiona nikibeba ndoo ananipisha njia. Nikajisemea basi, mtoto huyu baba yake hamtaki.

Juzi nikaipeleka laptopu mpya kwa Fundi Qobil karibu na soko. Akaiwasha, akaitegea sikio, kimya. Akaifungua kwa bisibisi, akapuliza feni ambayo haikuwa hata na vumbi, akanieleza kwamba ndani mna vikoili vidogo vya waya ambavyo wakati mwingine huimba vikifanyishwa kazi nzito, lakini hivi haviimbi. "Dada, kompyuta hii ni nzima kuliko mimi," akasema. "Kinacholia kiko huko kwenu. Nenda ukijaribu kitu kimoja kimoja. Ondoa, sikiliza. Rudisha, sikiliza. Ukibadilisha viwili kwa mpigo utajidanganya." Akabaki nayo aiache iwake kutwa nzima, awe na uhakika.

Sasa jana. Muhiddin alikuwa anajitayarisha kwenda kula pilau ya harusi kwa jirani, nikamvalisha kofia, nikawa naishusha ikae sawa, kiganja changu kikafunika sikio lake. Nyiiii. Nikaondoa mkono, kimya. Nikarudisha, nyiiii. Laptopu iko kwa fundi, Dada Tursunoy, nyumbani hakuna laptopu hata moja. Niliondoa nikarudisha mara nne kama nilivyofundishwa, yeye amesimama tu kama nguzo, kisha nikazisogeza zile nywele zake ndefu ambazo siku zote nilidhani ni maringo, nikaona ndani ya sikio kitu cha rangi ya ngozi, kidogo kama njegere.

Akasema, "Ni tangu homa ya utotoni. Masikio yote mawili, hili zaidi. Mama alisema tusiseme kwanza mpaka uzoee."

"Nizoee nini?"

"Unizoee mimi."

Akaenda kwenye pilau, kofia imekaa upande. Na mama mkwe, aliyekuwa mlangoni muda wote huo, akaniambia kwa upole kabisa, "Umeshajua, basi yamekwisha. Baba yako tusimsumbue." Mwanamke huyu aliifukiza laptopu ya baba yangu moshi, mara tatu, akijua.

Niambie, Dada. Nikae na mwanamume aliyeniacha nihangaike na feni na soketi miezi mitano, akamwacha baba yangu aombe radhi kwa kosa lisilokuwepo, na mtoto wake akampokea kwa "sawa, sawa"? Au nilibebe begi tumbo likiwa bado dogo?

Mke Aliyeshtuka,
Margilan

Dada Tursunoy anajibu:

Mdogo wangu,

Barua yako niliianza nimekaa nikaimaliza nimesimama. Umeshtuka wewe, nimeshtuka na mimi. Ninaandika safu hii mwaka wa kumi na tisa, nimeletewa wake wenza, nimeletewa waganga, nimeletewa bwana aliyemuoa binti akidhani ni dada wa binti huyo. Mama mkwe anayeitoa husuda laptopu huku akijua kinacholia kiko kwenye sikio la mwanawe, huyo sijaletewa. Nilicheka, unisamehe. Nilipofika pale baba yako amekaa kwenye ncha ya kochi, kicheko kiliisha.

Kwanza mumeo. Kutosikia hakumtoi thamani, na kama umeshtushwa na ile njegere yenyewe, jikaze, macho mabovu tunayavalia miwani hadharani na hakuna anayekimbia. Lakini kukuficha kabla ya nikaha ni makosa, na kuisingizia laptopu ni makosa zaidi, na kutazama zulia wakati mzee wa watu anaomba radhi ni aibu. Hapo uko sawa, ukasirike, usiruhusu mtu akwambie yamekwisha.

Sasa zamu yako, na usinune. Umejaribu spika, chaja, betri, soketi, kioo na vitabu viwili. Mtu mmoja aliyekaa kando yako hukumjaribu. Miezi mitano mwanamume anakutazama mdomoni unapoongea, hataki filamu zenye maneno, anajikuna sikio na mlio unakatika, na wewe unampelekea fundi kompyuta.

Nilimpigia simu daktari wa masikio ninayemwamini nikamsomea barua yako bila jina. Anasema kifaa kile cha kusaidia kusikia hulia pale sauti yake inapotoka na kurudi ndani tena, kwa mfano mkono ukikifunika, au kichwa cha mke kikikiegemea, na hulia zaidi kama kile kipande kinachoziba tundu la sikio kimelegea. Mwenye nacho akiona aibu hupenyeza kidole akakizima. Watu humwona anajikuna.

Nilikaa chini tena aliponiambia hivyo. Rudia kusoma ulichoniandikia wewe mwenyewe. Ulimwegemea, kikalia, akajikuna, kikakatika. Yaani amekizima. Halafu ndipo ukamnong'oneza, kwa ile sauti yako isiyovuka kizingiti, shingoni, mahali ambapo yeye haioni midomo yako. Akakujibu "sawa" kama anavyowajibu watu wote ambao hakuwasikia, na uliporudia akasema mbili.

Mdogo wangu, mumeo hajamkataa mtoto. Mumeo hajui kama kuna mtoto.

Wiki tatu, nne, umelia msalani na kufunga begi kwa jibu la mtu ambaye hakusikia swali. Naye wiki hizohizo anakuona umenyong'onyea na hajui kisa, pengine anadhani umeshaligundua sikio lake na umemchoka. Mnakaa kochi moja, kila mmoja anaogopa la kwake. Nimewasikitikia wote wawili, kisha nimetamani kuwatingisha.

Fanya hivi. Mchana, si jioni, mkiwa peke yenu, kaa mbele yake, mwanga uanguke usoni kwako. Usimwegemee. Mwambie akiwashe kifaa chake na asikifiche, kikilia kilie. Kisha mwambie una mimba, kwa sauti ile unayomwitia mtu aliye ng'ambo ya mfereji, na umtake arudie alichosikia kwa kinywa chake. Akirudia vibaya, sema tena. Usiondoke hapo kabla hajakisema sawasawa. Mama mkwe akija kuuliza mbona mkwe wetu leo anapayuka, mwambie ni mimi niliyekutuma, na kwamba kupayuka kumeanza rasmi katika nyumba hiyo.

Kabla ya Ijumaa ijayo Muhiddin apande gari mpaka Kokand, bila mama yake, akae mbele ya baba yako aseme: laptopu zote mbili zilikuwa nzima, aliyekuwa akilia ni mimi. Kwa maneno yake, si kwa kupitia kwako. Akitoka huko nendeni wote wawili kwa daktari akapimwe upya, maana bila shaka tangu harusi hajathubutu kwenda asije akaonekana, na kile kipande kimemlegea. Na wifi yako Mavluda mwambie nimemwona.

Akikataa kwenda kwa baba yako, au akikataa kwa daktari, hapo nitakuambia mengine, na begi tutalizungumza. Lakini kwa sasa lifungue, uzikunjue nguo.

Nimekutumia jibu hili kwa bahasha siku tatu kabla ya gazeti kutoka. Majina nimeyabadilisha, lakini Margilan tunaijua, hakuna kofia isiyo na mwenyewe, na likishatoka kuna jirani atakayemsomea mumeo kwa sauti kubwa kuliko yako. Asije akasikia kwa jirani. Ile siku ya mieleka uliongea na bega, haihesabiki. Leo ndiyo utamwambia mara ya kwanza.