Viboko Vilivyobaki

Mjomba Banzi, shikamoo.

Naandika nimelala kifudifudi, karatasi nimeiweka kwenye mkeka. Ukiona herufi zimepinda usiseme Saidi kasahau ulichomfundisha. Mgongo haukubali nikae. Jana walinipiga kiboko pale boma, palepale ulipolazwa wewe, na aliyenishika miguu ni askari yuleyule mwenye kikohozi. Mama ananikanda kwa maji ya chumvi, hasemi neno. Unamjua dada yako akinyamaza.

Nimeona nikueleze mwenyewe, maana habari hii ni yako kuliko yangu.

Tulikuzika kule juu mlimani, kwenye makaburi ya ukoo, kama ulivyotaka. Mvua ilinyesha, njia ikateleza, waliokubeba wakapiga magoti matopeni zaidi ya mara moja. Walikuja watu wote wa Chama cha Njia, hata wale ambao siku unalazwa chini walipata safari za ghafla za Mzumbe. Wakalia sana! Nilitaka kuwauliza machozi hayo yalikuwa wapi siku ile. Nikajizuia, msiba si mahali pa kugombana, lakini moyoni niliwatukana, Mungu anisamehe.

Matanga hayajaondolewa, akida akatuma mtu. Bwana shauri, yule Mdachi mkubwa wa boma, amesema chama kisicho na mkubwa si chama, ni njama. Tupeleke mkubwa mpya siku ya shauri, asimame mbele yake, ataje jina liandikwe. La sivyo mkeka wa chama ukunjwe, na watakaokutwa wamekaa pamoja watahesabiwa waasi. Tangu vita vya maji hakuna asiyejua waasi huishia wapi. Ule ulikuwa ujanja mtupu, mjomba. Walijua hakuna atakayetaka kukalia mkeka uliokutoa wewe roho.

Nilikumbuka ubishi wetu. Mimi nilikuwa nasema tukutane porini, usiku, tusijulikane. Wewe ulikuwa unamnyoa mtu, hukugeuka hata kunitazama. Ukasema, "Anayejificha amekwisha kubali kwamba ana kosa." Ukautandika mkeka kwenye baraza ya duka la Bwana Kasamali, kando ya barabara yenyewe tunayoilalamikia, kila Ijumaa baada ya sala, askari wakipita wanatuona. Na madai yako yalikuwa mawili tu. Mzungu akipita, mtu mweusi asilazimishwe kushuka mtaroni, kama mama alivyosukumwa na mkungu wake wa ndizi kichwani. Na kiboko: Mhindi akikosa anatozwa faini, Mwarabu vilevile, sisi tunalazwa chini. Ulikwenda boma kwa miguu yako ukawaambia kosa likiwa moja adhabu iwe moja. Ndipo wakakuhukumu hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa ufidhuli. Havikufika mwisho, ulizimia wakaacha, nasi tukakubeba nyumbani, ukafia mikononi mwetu.

Basi kazi ya kumtafuta mkubwa wakanitupia mimi, eti kwa kuwa wembe wako ninao, na vichwa vyote vya mji huu vinapita mikononi mwangu. Mtu aliyewekewa wembe shingoni husikiliza, walisema. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilianza na Mwalimu Sefu wa chuoni, anayewafundisha watoto Kurani. Nilimnyoa upande mmoja, nikamwambia mji mzima unamheshimu, maneno yake yana uzito, akae pale ulipokaa wewe. Akasema elimu yake ni ya akhera, mambo ya boma hayajui. Kisha akanyanyuka na povu lake kichwani, nusu kanyolewa nusu bado, akaondoka. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Nasikia alimaliziwa na mkewe, na alimaliziwa vibaya. Wengine hawakutaka hata kukaa kitini. Huyu mguu unamsumbua, yule shamba lake la Kisaki limevamiwa na nguruwe, mwingine mkewe kamkatalia. Lo, wake za watu wamekuwa na nguvu ghafla mwaka huu!

Mwisho tukamwendea Bwana Kasamali mwenyewe, na hapo watu wakachangamka. Huyu ni Mhindi, kiboko hakimgusi. Atasema, wao watamkaripia, naye atarudi dukani kwake mzima. Tena ni mtu mwema, alikulilia kweli. Akafikiri sana, akakubali, ila kwa sharti. Tudai njia tu, la kiboko tuliache, kwa sababu akilisema yeye wataambizana hili linamhusu nini. Alisema hayo akitazama chini, na hakukosea. Watu wakaitikia sawa, sawa, njia inatosha.

Mimi nikakataa. Unajua hasira zangu. Niliwauliza, "Atakayewaambia kwamba inauma, atasema kwa mgongo upi?" Wakaanza kutafuta viatu vyao. Kisha mmoja akasema basi shika wewe, mpwa wa marehemu. Na mimi, mjomba, nikakwepa kama wao. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiwaambia wanaojipendekeza wapewe ukubwa kwamba kinyozi hajinyoi, nikajificha nyuma ya methali yako.

Sasa, mila zetu unazijua, lakini niziandike, nipate pumzi. Kwetu jina la mwanamume haliendi kwa mwanawe, linakwenda kwa mtoto wa dada yake. Linatolewa siku ya kunyoa, matanga yakiondolewa, na anayenyolewa mwisho ndiye anayelivaa. Siku ya arobaini nikapanda mlimani na wembe wako. Nikawanyoa wajomba wote, nikawanyoa mama wadogo, jasho linanitoka, nikasema nimemaliza. Mama akanyoosha mkono nimpe wembe. Nikajua.

Wembe uliteleza, akanikata hapa juu ya sikio, kovu lipo. Alikuwa anajua anachokifanya. Alikuosha wewe mgongo ule kwa mikono yake. Akanimaliza, akanifuta, akasema mbele ya ukoo wote, "Sitaki kaka yangu afe mara mbili. Saidi amekwisha. Banzi, nyanyuka." Nikanyanyuka. Naye akaenda nyuma ya jiko, akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tangu nizaliwe. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Siku ya shauri nikasimama. Akida akaniuliza jina, nikasema Banzi. Akacheka, akasema Banzi tumeshamzika. Nikamwambia ni kweli amezikwa, lakini jina limerithiwa, na kwetu aliyerithi jina ndiye mwenyewe, wake zake ni wangu kuwatunza na neno lake ni langu kulitimiza. Mimi ndiye mkubwa wa Chama cha Njia, na nimekuja kusema yaleyale: njia, na kiboko. Akida akamtafsiria bwana shauri. Bwana shauri hakukasirika. Nilidhani atakasirika. Alisikiliza vizuri, akauliza jambo, akaelezwa tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyefurahishwa na mila za watu. Halafu akasema maneno machache kwa lugha yao, na akida akaacha kucheka.

"Bwana amekubali," akaniambia. "Wewe ni Banzi. Basi, Banzi, viboko vyako havikutimia."

Wakanilaza, wakaanzia pale walipokuachia wewe.

Nilipiga kelele, mjomba, nisikudanganye. Nilimwita mama. Wewe hukumwita mtu, mimi nilimwita. Kati ya kiboko na kiboko niliona miguu ya watu nje ya uzio, mingi, na haikuondoka. Waliponiinua nikamwona Bwana Kasamali, kashika kofia mkononi. Mwalimu Sefu naye alikuwepo, yuleyule wa akhera. Alinivisha kanzu yake, damu ikaichafua, akaniacha nayo.

Lakini sikia hili, ndilo lililonifanya niombe karatasi. Walipokubali kwamba mimi ni Banzi, wamekubali kwamba chama kina mkubwa. Jina limeandikwa, akida mwenyewe amelisoma kwa sauti. Hawawezi tena kusema njama. Walitaka kunicheka kwa mila yangu, wakajifunga kwayo.

Furaha hamna. Dada yangu Zuhura yupo hapa na mwanawe wa kiume, ndiyo kwanza anatambaa. Tangu jana mama anamtazama yule mtoto, kisha anautazama mgongo wangu, na najua anachowaza. Siku nikiondoka mimi, atakayeketishwa mbele ya wembe ni yule.

Kwa hiyo nakuahidi mambo mawili tu, kama yalivyokuwa madai yako. Ijumaa ijayo, hata nikibebwa, mkeka utatandikwa palepale, na neno la kwanza litakuwa la kiboko, njia itafuata. Na yule mtoto, nikiwa hai, sitachoka mpaka jina hili liwe jina tu, la kuitiwa chakula.

Wewe pumzika sasa. Nilivihesabu kwa ajili yako, hata nilipokuwa napiga kelele nilivihesabu. Vimetimia, mjomba. Hakuna tena kiboko chako duniani. Vitakavyokuja ni vyangu. Lala salama kule juu, mama anakusalimu, ingawa hajasema.

Ni mimi, mpwa wako,

Banzi.