Njia ya Mbuzi za Mahari

Goma, Ndosho, 14 Novemba 2008

Papa mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama huko Butembo. Goti lako limetulia? Mimi ni mzima, ila sina habari njema.

Kaka yangu Kakule yuko gerezani. Alitengeneza jetoni za uongo, zile wanazoonyesha wakimbizi wa kambi ya Munigi ili wapewe unga, akawauzia watu wa mjini, nao wakauchukua unga huo. Hakimu atamwacha angoje kesi nje kama mzazi atakuja kumdhamini. Mimi mwanafunzi wamenikataa. Njoo, nakusihi. Siku ni tarehe 19 Desemba.

Binti yako,
Bénie

Butembo, 25 Novemba 2008

Mwanangu Bénie,

Tuko wazima. Goti bado linasumbua, lakini halijaniua.

Siji. Nimemwambia Mama yako, "Ule mutoto haiko wangu tena." Mimi mbuzi za mahari nilizitafutia Vitshumbi, kule ziwani, nikichuuza samaki wa chumvi, na sikuiba hata kichwa kimoja. Wewe unayesoma mambo ya jamii, profesa wako anasemaje juu ya mwizi?

Papa yako

Goma, 6 Desemba 2008

Papa,

Nafurahi kwamba mko wazima. Umeuliza, basi usinune.

Profesa anasema hivi: jamii inamwambia kila mtu, "Bila kitu fulani wewe si mtu," halafu njia ya haki ya kukipata inafungwa. Wengine wanavumilia, wengine wanaishia kwenye pombe, wengine wanatafuta njia ya panya. Na vita vikivuruga desturi, mtu hajui tena mwiko unaanzia wapi.

Nani, kama si wewe, alimwambia Kakule asirudi Butembo bila mbuzi za kumwoa mchumba wake Marie-Claire? Naye alikuwa akiuza samaki kama wewe! Tangu Oktoba barabara imefungwa na mapigano, samaki hawafiki.

Sisemi hana kosa. Nilikwenda Munigi, na mkimbizi mmoja, Mama Donatille, akaniambia, "Unga uliisha mbele nifike. Batoto walilala na maji ya moto." Niliona haya, nikalia.

Bénie

Goma, 20 Desemba 2008

Papa, salamu.

Jana hukuja. Kila mlango wa mahakama ulipofunguka, Kakule aligeuka. Hakimu ametupa muda mpaka Jumatatu tarehe 5 Januari, basi.

Bénie

Butembo, 30 Desemba 2008

Mwanangu,

Mama anakusalimu. Barua yako ya Munigi ilinikasirisha, nikaiweka chini ya godoro siku nyingi. Halafu nikaenda kwa papa ya Marie-Claire nikamweleza yote bila kuficha. Nilimwambia, "Vita ilifunga barabara, lakini mulango ya nyumba, ni miye niliufunga." Alinipa kiti.

Nakuja kwa ndege ya Ijumaa. Kakule akiachiliwa tutakwenda kwanza kwa Mama Donatille, aombe msamaha kwa kinywa chake mwenyewe, nami nitasimama karibu naye. Mbuzi zitangoja.

Ukipata barua hii, nenda gerezani mapema. Mwambie asihangaike tena kutazama mlango: papa yake anakuja.

Papa yenu