Daktari Kanifunga Mdomo, Hakunifunga Mkono

Kinyozini, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako, kinyozi hodari kuliko wote mtaani, na kama yupo mwingine basi nilimfundisha mimi. Hujambo? Watoto wazima? Kile kikohozi chako kimekuacha? Sisi huku salama, ila koo langu.

Daktari kaona uvimbe kooni. Alhamisi wananipasua, na mpaka siku hiyo nimepigwa marufuku kuongea. Anasema huenda sauti isirudi. Sauti yangu mimi, niliyewahi kupiga ukelele mmoja treni ikasimama!

Basi nikatundika ubao wa chaki kando ya kioo. Shule niliishia darasa la tano, lakini sasa naandika mpaka chaki inatoa moshi. Juzi nilimwacha fundi viatu nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado, nikakimbilia ubaoni kumalizia habari ya yule chatu niliyemfunga fundo kwa mkono mmoja.

"Mzee, maliza kichwa changu kwanza!" akalalamika.

Waliokaa kwenye benchi wakamfokea, "Tulia wewe, tunasoma!"

Shida ni mkaza mjomba wako. Yeye ndiye anayewasomea wenye macho mabovu, na ananipunguzia. Naandika chatu, anasoma "kijinyoka". Nikagonga ubao kwa kitana. Akacheka tu: "Kijinyoka, mume wangu. Nilikuwepo."

Watu huandika kuomba kazi, wengine kubembeleza wachumba. Mimi nilidhani kuandika ni kazi ya wasiojua kuongea. Kumbe maneno yangu ya mdomo yalikuwa yanafagiliwa pamoja na nywele kila jioni! Haya ya ubaoni, watu wanarudi kesho yake kuniuliza kwa nini nimeyafuta. Najivuna, ndiyo. Nani wa kunikataza?

Nina ombi moja. Barua hii wasomee watoto, tena kwa sauti yangu: nzito, ya kujaza chumba, sio hiyo yako ya kunong'ona. Ukifika kwa chatu, nguruma. Wakiuliza alikuwa mkubwa kiasi gani, usithubutu kumpigia simu mkaza mjomba wako.

Nisalimie mumeo, na dada yangu, mama yako, umwambie asilie. Mungu awape afya na makoo mazima.

Wako akupendaye kwa sauti kubwa,
Mjomba.