Ngoma ni ya Bakubwa

Furaha mdogo wangu,

Salamu toka Kawale, huku mjini. Nilifika muzuri, lakini leo nimetoka kusali na hasira, hata chai imenishinda.

Mbele ya ibada, batoto badogo balikuwa nyuma ya kanisa. Banapiga bidon ya maji kama ngoma, banaimba zile nyimbo mama alitufundisha kule kwetu Fizi tukipalilia mihogo. Nilisimama kusikiliza. Mzee mmoja wa kanisa, ule anapigaka ngoma ya kwaya, akatoka, akabanyang'anya bidon. Akasema, "Hapa si fasi ya kuchezea. Ngoma ni ya bakubwa." Batoto bakaenda zao barabarani.

Huyo mzee njo alihubiri kisha. Lisaa lizima analia kwamba batoto ba leo habapendi kanisa, na bantu banaitikia amina. Mi nilikataa kuitikia.

Ibada ilipoisha nikamufuata. "Mzee, we ulianza kupiga ngoma na miaka ngapi?"

"Saba."

"Na nani alikunyang'anya?"

Akageuka kusalimia bengine.

Nikapanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, kurudi, na juu ya ile kinga hasira ikanigeukia mimi mwenyewe. Ngoma za kwaya yetu hapo kambini Dzaleka ziko ndani ya sanduku, na mi njo nilizifungia, eti batoto basitoboe ngozi.

Ufunguo uko jikoni, ndani ya kopo ya chumvi. Ukipata hii kadi, fungua siku ile ile, batoto bapige, usinigoje. Bakumbatie bote kwa ajili yangu, Mungu akulinde. Na ngozi ikipasuka, tutatafuta mbuzi.

Dada yako,
Mama Riziki