Alama Chini ya Rangi

Kibiti, 6 Mei 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa. Mimi sijambo, kidonda kimekauka na hospitali ya Mchukwi wamenitoa bandeji. Mwandiko usikutishe, nimeanza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Mama, nimekwama. Nimeomba fidia ya ulemavu, lakini tajiri wa kiwanda cha mbao ameandika kwamba hanijui, eti vidole vinne havikukatwa na msumeno wake, nimekatwa na panga huko kwetu nikikata mikoko. Mkataba sikuwahi kupewa. Sasa ananiita pembeni: nitie saini kwamba sikuwa mfanyakazi wake, anipe laki tano tuachane. Kuna wakili, dada Sabra, yuko tayari kunisimamia, nimlipe tukishinda. Ila haoni, mama. Haoni kabisa. Nifanyeje?

Mwanao,
Hemedy

Mbwera, 14 Mei 2024

Mwanangu Hemedy,

Marahaba, baba. Goti lina siku zake. Huku wote wazima, wanakusalimu.

Chukua hizo laki tano. Tajiri ana karatasi, wewe una nini? Na kama ni lazima wakili, basi atafutwe mwenye macho. Huyo atasomaje hayo mafaili? Usinione nina roho mbaya, nakuonea huruma. Tia saini urudi nyumbani, hapa hulali njaa.

Mama yako

Mbwera, 11 Juni 2024

Hemedy,

Hujambo? Boti tatu zimekuja bila barua yako. Umekasirika? Umeshatia saini? Niandikie lolote, hata baya.

Mama yako

Kibiti, 28 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Sikutia saini. Nilimchukua dada Sabra, nikaogopa kukuambia.

Nilikwenda kwake kumwambia basi, akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: nilisimama upande gani wa msumeno, siku za kazi tulizihesabu vipi. Nikamwambia msimamizi wetu Twalibu alikuwa akikata alama kwa patasi kwenye nguzo, kila mtu na nguzo yake, kila siku alama moja, Jumamosi tunahesabu. Akaomba afisa wa fidia aje kiwandani.

Tulipofika, nguzo zote zimepakwa rangi ya bluu, laini, inang'aa.

"Zimefutwa," nikamnong'oneza.

"Nipeleke kwenye nguzo yako."

Akavua pete, akaweka vidole kwenye nguzo usawa wa kiuno, akapanda navyo polepole. Misumeno ilikuwa imezimwa. Mara nikamsikia: moja, mbili, tatu. Tajiri akacheka. Yeye akaendelea kuhesabu, ananyoosha mkono juu, anarudi chini upande wa pili. Tajiri akaacha kucheka.

"Mia na kumi na nne, hapa zinakoma," akasema. "Bwana afisa, kwangua hapa."

Afisa akachukua kisu. Rangi ikabanduka, chini yake wameshindilia gundi na unga wa mbao, imekauka ikabonyea kidogo mno, jicho halioni. Alipozidi kukwangua alama zikatokea moja moja, kama zilivyokatwa.

"Za nani hizi?"

Twalibu akainamisha kichwa. "Za Hemedy. Ya mwisho niliikata asubuhi ya siku ile."

Mama, tulikuwa watu kumi na wawili wenye macho mle ndani, na hakuna aliyeona kitu. Afisa alivua kofia yake, sijui kwa nini, akabaki kaishika.

Jana jibu limetoka. Madai yamekubaliwa. Nitalipwa kila mwezi, maisha yangu yote.

Mwanao,
Hemedy

Mbwera, 4 Agosti 2024

Mwanangu Hemedy,

Alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne kwa sauti, nikimsomea jirani yangu Zuhra. Mpaka leo akinikuta kisimani ananiuliza, "Mia na kumi na nne, kweli?" Nami namwambia, kweli. Mwambie dada Sabra nilisema neno baya juu yake, na ninaomba radhi.

Kuna jambo sijakuambia. Ulipokuja Idi el Fitri na bandeji yako, mkono wako sikuutazama. Nikikupakulia wali nageuza uso. Siku ya kuagana nikakushika bega. Najua uliona. Mwanamke wa watu ameweka vidole juu ya kila siku uliyoifanyia kazi, na mimi niliyekuzaa nimeshindwa kukugusa.

Njoo na boti ya Jumanne. Nitasimama palepale inapofunga. Ukishuka, nipe mkono wa kulia.

Mama yako